Guangzhou ya zamani: maswali wanayoniuliza wanaokwenda kufuata mzigo

Kila msimu napata ujumbe kutoka Kariakoo, Eastleigh, Kampala mpaka Lubumbashi: "Dada, naenda Guangzhou, nipe machimbo." Machimbo, yaani mahali pa kupata mzigo kwa bei nzuri, nawapa. Ila huwa naongeza na jambo ambalo hawakuliuliza, kwamba wajibakizie hata siku moja wauone mji wenyewe. Wengi wetu tumepanda lifti za maghorofa ya Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi, mara hamsini, lakini hatujawahi kusogea vituo viwili vya treni mbele. Hapa nimekusanya maswali yanayonirudia zaidi.

Kwani Guangzhou kuna cha kuona zaidi ya masoko?

Kuna mji wenye zaidi ya miaka 2,200. Ulianza mwaka 214 kabla ya Kristo, jeshi la nasaba ya Qin lilipofika kusini, na tangu hapo biashara ya bahari haijawahi kukatika kwa muda mrefu. Mabaharia wa Kiarabu waliuita Khanfu. Maelezo ya wafanyabiashara wao yaliyoandikwa mwaka 851 yanasema Waislamu wa pale walikuwa na kadhi wao, aliyeteuliwa kwa idhini ya mfalme wa China. Mgeni wa kufuata mzigo, anayepanga chumba, anayetafuta wa kumwamulia kesi yake na mahali pa kuswali, hakuanza na sisi wa Xiaobei. Tumemkuta.

Nasisitiza hili kwa sababu linaniuma kusikia mtu akisema "China ni viwanda tu." Wewe uliyekulia karibu na Kilwa au Gedi, ambako vigae vya vyombo vya Kichina bado vinaokotwa kwenye magofu, una haki kabisa ya kuja kuona upande wa pili wa biashara ile.

Nina siku moja tu kabla ya kupanda ndege. Nianzie wapi?

Kama umefikia Xiaobei, panda metro laini ya 5, kituo kimoja hadi stesheni kuu ya reli (Guangzhou Railway Station), kisha laini ya 2, kituo kimoja tena hadi Yuexiu Park. Hapo asubuhi ingia makumbusho ya mfalme wa Nanyue. Ukitoka, shuka kwa laini ya 2 hadi Gongyuanqian, ubadilishe kwenda laini ya 1, na kituo kinachofuata ni Ximenkou, kwenye msikiti wa Huaisheng. Mchana endelea na laini hiyohiyo ya 1 kituo kimoja hadi Chenjiaci, kisha Changshou Lu uzurure vichochoro vya Xiguan. Jioni malizia Huangsha, uvuke kwenda kisiwa cha Shamian kwa miguu.

Angalia ulivyokwenda: karibu siku nzima ipo kwenye laini moja ya treni, na tiketi za safari fupi zinaanzia yuani 2. Usijaribu kuongeza kitu kingine. Mji huu unataka miguu, na joto lake halina huruma.

Makumbusho ya mfalme wa Nanyue yana nini hasa? Mimi si mtu wa makumbusho.

Na mimi nilikuwa hivyo. Mwaka 1983 mafundi walikuwa wanakata kilima kidogo kujenga nyumba za makazi, wakakuta paa la mawe. Chini yake, karibu mita 20 kutoka kileleni, alikuwa amelala Zhao Mo, mfalme wa pili wa dola ya Nanyue, ambaye alikufa yapata mwaka 122 kabla ya Kristo. Kaburi lilikuwa halijawahi kuibwa. Alivishwa vazi la vipande 2,291 vya jedi, lile jiwe la kijani wanalolithamini kuliko dhahabu, vimeshonwa kwa uzi wa hariri. Watu 15 walizikwa pamoja naye kumtumikia huko aendako. Unaingia ndani ya kaburi lenyewe kwa kuinama, vyumba ni vidogo, na mtu yeyote anayeingia hunyamaza.

Lakini kilichonisimamisha mimi ni kabati la pembeni. Kuna pembe za ndovu tano, na maelezo yake yanasema ni za ndovu wa Afrika. Karibu yake kuna kisanduku cha fedha cha mtindo wa Kiajemi, na ubani uliokutwa ndani ya kijisanduku kingine. Ubani! Huu huu tunaochoma nyumbani mgeni akifika na maiti akiondoka. Nilirudi kwenye kioo kile mara tatu. Zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, kabla ya kuwepo neno Mswahili, kuna kitu kilitoka upande wetu wa bahari kikamfikia mfalme huyu.

Kiingilio nilipokwenda mara ya mwisho kilikuwa yuani 10. Jumatatu majumba mengi ya makumbusho hufungwa, kwa hiyo Jumatatu malizia mambo ya kago.

Ni kweli Guangzhou kuna kaburi la sahaba wa Mtume?

Kuna kaburi linaloheshimiwa sana kwa jina hilo, karibu na bustani ya maua ya Lanpu, barabara ya Jiefang Kaskazini, si mbali na Yuexiu Park. Waislamu wa China wanapokea kwa mdomo, kizazi hadi kizazi, kuwa aliyelala pale ni Saad bin Abi Waqqas. Vitabu vya historia ya Kiislamu vinasema Saad alizikwa Madina. Kwa hiyo ukienda, nenda ukijua zote mbili. Kaburi ni la zamani mno, kuba lake dogo lina mwangwi wa ajabu, na Ijumaa eneo lote hujaa: Wahui (Waislamu wa Kichina), Waarabu, Wapakistani, Wasomali, Watanzania, Wanigeria. Nje hupangwa vyakula halali barabarani. Ijumaa ile inatosha kuwa sababu ya kwenda.

Msikiti wa Huaisheng ni mahali pengine, barabara ya Guangta. Jina lake maana yake ni kumkumbuka Mtume. Mapokeo yanasema ulijengwa mwaka 627. Wanahistoria wengi wanauweka baadaye zaidi, ndani ya enzi za nasaba za Tang au Song (karne ya 7 hadi ya 13), na bado unabaki miongoni mwa misikiti ya kale zaidi China. Mnara wake una mita 36 hivi, wa mviringo, hauna roshani wala nakshi, umepakwa chokaa ukawa laini kama mshumaa. Mtu wa Lamu au Zanzibar akiuona ataifahamu chokaa ile. Ndani zimo ngazi mbili zinazozunguka bila kukutana. Zamani mto ulikuwa karibu zaidi, na taa ya juu iliongoza majahazi, ndiyo maana wenyeji wanauita Guangta, mnara wa nuru. Wengine husema "guang" hapo ina maana ya "laini, tupu". Ukiutazama, unaona zote mbili zinafaa.

Msikiti uliungua mwaka 1343 ukajengwa upya 1350, na ukarekebishwa tena 1695. Mitaa inayouzunguka ndiyo iliyokuwa fanfang, mtaa wa wageni wa enzi za Tang. Mlangoni mara nyingi wanaruhusu wanaokuja kuswali tu. Kama si Mwislamu, mnara unauona vizuri kutoka barabarani. Akina mama wana sehemu yao, na mtandio uwe nao kwenye mkoba.

Chenjiaci ni nini? Kila mtu ananiambia nikapige picha.

Ni jumba la ukoo wa Chen, lililomalizika mwaka 1894. Watu wa ukoo huo kutoka wilaya 72 za Guangdong, mkoa wenye mji huu, walichanga ili vijana wao wanaokuja mjini kufanya mitihani ya serikali wawe na pa kufikia. Waite chama cha watu wa nyumbani, ila cha kujenga kweli.

Usikimbilie picha ya mlangoni. Simama uani uinue kichwa. Mgongo wa paa umejaa watu wa udongo wa kuchomwa kutoka Shiwan: majenerali, wacheza tamthilia, popo, matunda, nyumba ndani ya nyumba. Wamepangwa wakiinamia mbele kidogo, kwa sababu fundi alijua mtazamaji yuko chini. Kisha sogelea kuta za nje utazame matofali ya kijivu yaliyochongwa. Kuna mahali uzi wa nguo ya mtu umechongwa kwenye tofali. Mwalimu wangu wa ushonaji angelia machozi.

Vichochoro vya Xiguan vikoje? Ni salama kuzurura?

Ni salama, na ndipo ninapopapenda kuliko kote. Xiguan maana yake ni nje ya lango la magharibi, upande waliokaa wafanyabiashara matajiri enzi za Qing, nasaba ya mwisho ya wafalme wa China. Barabara zake kubwa zina qilou, nyumba za ghorofa zilizotangulizwa mbele juu ya nguzo, ili mpita njia apite chini bila kunyeshewa wala kuchomwa na jua. Barabara ya Enning ndiyo yenye mlolongo mzuri zaidi. Humo utasikia nyundo, kong, kong, kong: wahunzi wa shaba bado wanafua mabirika na sufuria kwa mkono.

Nataka uangalie milango. Nyumba ya Xiguan ina milango mitatu kwenye tundu moja. Wa nje ni mfupi, unamzuia mpita njia asichungulie. Wa kati unaitwa tanglong, ni miti ya mviringo iliyolazwa kwa mlalo kama ngazi, idadi yake daima witiri, na unasukumwa pembeni. Wa ndani ni ubao mzito wa usiku. Mchana wanafungua wa nje na wa ndani, wanaubakiza tanglong peke yake. Upepo unapita, mwizi hapiti, na bibi aliyekaa ndani akichambua mboga anakuona wewe kabla hujamwona yeye. Sisi tunaojivunia milango ya Mji Mkongwe tunaelewa mara moja: mlango unaongea tabia ya mwenye nyumba. Wetu unaonyesha heshima kwa misumari na nakshi. Wao unaonyesha akili ya kuishi na joto.

Yongqing Fang, iliyokarabatiwa kuanzia 2016, ndiyo inayojaa wageni. Kuna nyumba ya babake Bruce Lee, aliyekuwa mwigizaji wa opera ya Kikanton (lugha ya wenyeji wa hapa), na karibu yake jumba la sanaa ya opera hiyo lililofunguliwa 2016. Ni pazuri, ila kwa maoni yangu mikahawa imezidi. Pita Yongqing Fang, ingia vichochoro vya nyuma ambako nguo zimeanikwa na wazee wanacheza karata. Mji bado unaishi humo. Kijito cha Lizhiwan kilicho jirani kilifunikwa kwa zege mwaka 1992 na kufunuliwa tena 2010. Natamani miji yetu iliyofukia mito yake iende ikaone kuwa inawezekana.

Shisanhang si soko la nguo? Mbona naona imetajwa kwenye historia?

Ni palepale. Unapobeba marobota ya magauni Shisanhang saa kumi na mbili asubuhi, umesimama kwenye jina kubwa kuliko yote ya biashara ya China. Maana yake ni makampuni kumi na matatu. Kuanzia 1757 mpaka vita vya kwanza vya kasumba (afyuni) kati ya Uingereza na China vilipokwisha mwaka 1842, Wazungu waliruhusiwa kufanya biashara kwenye bandari hii moja tu ya China nzima, na kupitia mawakala wa Kichina wenye kibali tu. Chai, hariri na vyombo vya kaure vilitoka hapa. Mzungu hakuruhusiwa kukaa mwaka mzima wala kuleta mke. Tajiri mkubwa wa mawakala hao, Wu Bingjian, anahesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia wa wakati wake. Maghala ya Wazungu yaliteketea mwaka 1856 na hayakujengwa tena. Kuna makumbusho madogo ndani ya Bustani ya Utamaduni, jirani kabisa na soko. Maliza kununua, acha mzigo kwa wakala, uingie nusu saa.

Shamian je?

Kisiwa kidogo chenye kilomita za mraba 0.3, miti mikubwa ya kivuli, nyumba za mtindo wa Kizungu. Maharusi wanapigia picha hapo kila siku. Baada ya vita vya pili vya kasumba, Waingereza na Wafaransa walikichukua mwaka 1861, Waingereza sehemu nne, Wafaransa moja, wakachimba mfereji wa kukitenga na mji.

Barabara iliyo ng'ambo ya mfereji inaitwa Liuersan, yaani sita-mbili-tatu: tarehe 23 Juni 1925. Siku hiyo waandamanaji wa Kichina, wakiwemo wanafunzi, walipigwa risasi kutoka kisiwani, na zaidi ya 50 wakafa. Maharusi ni wazuri na kivuli ni kitamu, kaa ufurahie. Ila unapovuka daraja kurudi, soma kibao cha barabara.

Mimi ni Mkristo. Kuna kanisa la kale?

Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, wenyeji huliita Shishi, nyumba ya mawe. Lilijengwa kwa matale kuanzia 1863 hadi 1888, minara yake ina mita 58.5. Kiwanja kilikuwa makao ya gavana mkuu, yaliyobomolewa vitani. Wakati misa za Jumapili mchana zilipokuwa kwa Kiingereza, viti vilijaa Waafrika kutoka kila pembe. Ulizia ratiba ya sasa mlangoni kabla ya kupanga. Liko karibu na barabara ya Yide, kule kwenye midoli na samaki wakavu, kwa hiyo hata kisingizio cha umbali huna.

Na mahekalu ya Kibuda?

Ukiwa na siku ya pili, Liurong, hekalu la miti sita ya banyan, jamii ya mikuyu yetu. Lilianzishwa 537, na mnara wake wa maua una mita 57: nje unahesabu ghorofa tisa, ndani ni 17. Ni mwendo wa dakika kumi hivi kutoka Huaisheng. Guangxiao liko jirani. Ingia kimya, usimpige mtu picha akiwa kwenye ibada.

Chakula halali napata wapi nikiwa mitaa ya zamani?

Tafuta herufi 清真, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Migahawa ya tambi za Lanzhou iko kila mahali, inaendeshwa na Waislamu wa kaskazini-magharibi, na bakuli moja la nyama ya ng'ombe linakushikilia hadi usiku. Chai ya asubuhi ya Kikanton yenye vikapu vya mvuke ni kitu cha kukaa saa mbili na jamaa, lakini nguruwe yumo kwenye vingi, hata ambavyo havionyeshi. Kwa kitu kitamu, Xiguan wana shuangpinai, maziwa ya mgando yenye utando mara mbili juu. Ukimiminiwa chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Ndiyo asante yao.

Sijui Kichina. Nitafikaje na nitalipaje?

Andaa kabla hujasafiri. Ramani tulizozoea huku hazifanyi kazi vizuri kule, pakua Amap. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat ukiwa nyumbani ambako ujumbe wa namba ya siri unaingia, maana ukifika na laini mpya ndipo shida inapoanza. Kila mahali unapokwenda, hifadhi jina lake kwa herufi za Kichina kwenye simu, umwonyeshe dereva. Matamshi yetu ya "Chenjiaci" yameshampeleka dada mmoja nje ya mji.

Maneno mawili: "xiexie" ni asante ya Kimandarini, lakini mzee wa Xiguan ukimwambia "m goi" kwa Kikanton, uso wake unabadilika.

Nibebe pasipoti?

Ndiyo, yenyewe. Niliwahi kuiacha hotelini, nikasimama foleni juani dakika arobaini, mlangoni nikaambiwa nirudi. Picha kwenye simu haikusaidia. Na kama umelala kwa rafiki badala ya hoteli, jiandikishe polisi ndani ya saa 24.

Nije miezi gani?

Oktoba mwishoni hadi Desemba. Machi kuta zinatoka jasho kwa unyevu na nguo hazikauki, kuanzia Mei hadi Septemba ni joto, mvua na vimbunga. Wakati wa Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Aprili na Oktoba, hoteli hupanda bei.

Nikiona kitu cha kale au pembe ya ndovu, ninunue?

Pembe, hapana kabisa. Mafundi wa Guangzhou walisifika karne nyingi kwa kuchonga mipira ndani ya mipira, lakini China ilifunga biashara ya pembe za ndovu mwisho wa mwaka 2017. Ukikamatwa nayo ni jela, na wewe unayetoka nchi ya ndovu hutakuwa na cha kujitetea. "Vya kale" vya barabarani chukulia kuwa ni vya jana, ulipe bei ya jana. Ukitaka kumbukumbu ya kweli, nunua kijiko cha shaba kwa yule fundi wa Enning aliyekifua mbele yako.

Jioni nimalizie wapi?

Watakupeleka kwenye boti za taa za kitalii. Mimi naenda gati la Huangsha, napanda kivuko cha wananchi kwenda Fangcun, nauli ni senti tu ukilinganisha na boti zile. Wanapanda na baiskeli, na vikapu vya mboga, na watoto wa shule wenye sare. Simama nyuma, si mbele. Hapo katikati ya mto wanapaita Bai'etan, maji matatu yanapokutana, na miti ya Shamian inabaki inakuwa midogo nyuma yako huku taa zikianza kuwaka.